Dirii Niliyoipaka Puti

Vijana, kwanza niwatoe wasiwasi: ni kweli. Niliwahi kumtengenezea mtu nguo ya bati kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, hapa hapa Nakuru, kwa nyundo zile zile nilizonyooshea madigadi na milango ya magari maisha yangu yote. Najua mnabishana. Nikishuka kutoka Dundori kuja kwa daktari wa macho hupitia gereji yetu ya zamani, na hakosi mmoja wenu wa kuuliza, "Mzee Ndirangu, ati ulishonea mtu suti ya chuma?" Wala hakosi mwingine wa kusema kwamba wale askari wa farasi wa Ulaya ya kale walikuwa wajinga, kwa sababu mtu akianguka na chuma kile haamki mpaka ainuliwe kwa winchi. Huyo ameona sinema nyingi mno. Mimi nimeivaa, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Lakini siwaandikii kwa sababu ya suti peke yake. Naandika kwa sababu kuna watu ninaowashukuru, na kuna kosa moja ambalo nisipolisema mtaendelea kunisifu bure.

Aliyenifunza kazi ni Kalasinga mmoja tuliyemwita Mistri. Jina lake halisi tulilijua, ila hakuna aliyelitumia; hata mkewe akimletea chapati saa sita mchana alisimama mlangoni akauliza, "Mistri wapi?" Nilifika kwake nikitoka kuchimba viazi, udongo bado uko kwenye kucha, na siku ya kwanza hakunipa nyundo. Aliweka matofali mawili sakafuni, akalaza bati bapa juu yake, akaniambia nikanyage. Bati likabonyea. Akachukua kipande kingine cha bati lile lile, akakiweka juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, akakigonga polepole kwa nyundo ya mbao mpaka kikafanya tumbo. Akakiweka juu ya yale matofali, tumbo likitazama juu.

"Sasa kanyaga."

Nikakanyaga. Nikaruka juu yake. Halikutikisika.

"Umeona?" akasema. "Bati hapana pata nguvu kwa unene. Bati napata nguvu kwa tumbo."

Mpaka leo nikiona boneti ya gari yenye mgongo mdogo katikati, namkumbuka Mistri. Mgongo ule si urembo. Bila huo, boneti ingecheza kama sahani ya plastiki kila gari likishika mwendo.

Somo la pili lilikuwa la puti. Ninyi mnaijua, ule ujiuji mzito tunaoupaka juu ya bati kuficha alama za nyundo kabla ya kupiga rangi. Mistri aliruhusu ipakwe nyembamba kama siagi kwenye mkate wa shule ya bweni. Ikizidi hapo, alisema, wewe si fundi tena, wewe ni mpishi. Basi nikiwa na umri wenu nilikuta shimo kwenye mlango wa pikapu, kazi ikanichosha, nikalijaza puti kama ugali, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Mlango uling'aa kweli. Mwenye pikapu akaondoka akitabasamu, akafika kwenye bampu la kwanza njia ya Lanet, na kipande kizima kikadondoka barabarani. Alirudi nacho mkononi. Mistri hakunifukuza. Alikiweka kile kipande kwenye dirisha la ofisi, na kila fundi mpya akija alimtambulisha: "Hii hapa ni mtoto ya Ndirangu." Kilikaa pale mpaka nikapata mtoto wa kweli.

Turuke miaka. Mistri alikuwa amestaafu, anashinda nyumbani kwake kwenye baraza akinywa chai, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa karakana. Asubuhi moja akaingia msichana mrefu mwembamba, buti za kupandia farasi miguuni, picha imekunjwa mkononi.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe ndiyo fundi wa bodi."

"Marahaba. Gari iko wapi?"

"Sina gari, mzee. Bodi ni hii." Akajigonga kifuani.

Huyo alikuwa Chelagat, mzaliwa wa Keringet. Alianza kama mtunza farasi kwenye shamba moja njia ya Njoro, akafagia mavi yao, akawapiga brashi, mwisho akawapanda vizuri kuliko wenye farasi wenyewe. Yeye na mwenzake, Wekesa, walikuwa wakifanya michezo ya farasi kwenye maonyesho na sherehe. Sasa walikuwa wameombwa waonyeshe mchezo wa wale askari wa kale: farasi wawili wanakimbiliana uso kwa uso, kila mpandaji ana mkuki mrefu wa mbao wenye kichwa laini cha kuvunjika, na unamlenga mwenzako kifuani. Suti zilizoletwa kutoka nje zilikuwa za wanaume wakubwa, na yeye akiingia ndani alipotea.

"Na usipovaa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mzee, hizi mbavu ndizo zinasomesha wadogo zangu. Mama yangu hana mtu mwingine. Zikivunjika, tumeisha sisi wote."

Ningekataa siku ile, ningelala vizuri. Lakini nilikuwa mzee wa kunyoosha madigadi, na hakuna mtu aliyewahi kuniletea kazi ya namna ile. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyasikia kanisani tu, dirii ya kifuani na chapeo ya kichwani. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kukunjua picha.

Sasa sikilizeni nilivyoanza vibaya. Nikamsahau Mistri na matofali yake. Nikafikiri kama kila mtu anavyofikiri, kwamba chuma kikiwa kinene ndiyo usalama, nikakata kila kitu kwa geji kumi na mbili. Kwenye geji, wale msiojua, namba ikishuka unene unapanda, na kumi na mbili ni bati la kutengenezea geti. Suti ilipokamilika tuliipima kwa mizani ya viazi ya jirani, ikawa uzito wa madebe mawili ya viazi. Tulimvisha Chelagat tukiwa watu wanne. Akasimama. Nikamwambia ainue mkono kana kwamba ameshika mkuki. Mkono ulifika kiunoni ukakataa. Akajaribu kupiga hatua, akaanguka kifudifudi, na tukamgeuza kama tunavyogeuza gari lililopinduka.

Mama Sofi, aliyekuwa akishona viti vya magari kwenye kibanda cha pili, alikuja mbio kutazama. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Njeri," akaniambia, "huyu mtoto wa watu umemtengenezea jeneza la kusimama!"

Nilikasirika. Lakini Mama Sofi akimaliza kucheka hufanya kazi, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alizunguka ile suti, akaingiza vidole kila upande, akauliza imefungwa wapi. Nikamwonyesha mikanda ya mabegani. Akatikisa kichwa. "Hata kiti cha gari huanzi na ngozi ya juu. Unaanza na kile kinachobeba. Hapa umevisha chuma juu ya shati la mtu!" Akashona koti la turubai na blanketi, tabaka juu ya tabaka, limebana kiunoni, na kila mahali penye kiungo akaning'iniza kamba za kufungia bati. Uzito ukahama mabegani ukakaa kwenye nyonga. Mnaotoka mashambani mnajua: debe la viazi ukilibeba mkononi hufiki mbali, ukilifunga mgongoni vizuri unavuka kilima huku unaongea.

Na mimi nikaanza upya, safari hii kwa akili ya Mistri. Dirii nikaikata geji kumi na sita, nikaigonga juu ya mfuko wa mchanga mpaka ikafanya tumbo na mgongo katikati. Mkuki ukija usipate pa kukaa, uteleze kando. Mikono na miguu nikatumia geji kumi na nane. Viungo ndivyo vilivyonitesa. Kiwiko peke yake nilikirudia mara tano, mpaka siku moja nikamwona jongoo akipita sakafuni baada ya mvua, nikamfuata kwa magoti karakana nzima huku vijana wakifikiri nimechanganyikiwa. Jongoo ana magamba yanayopandana, kila moja limeingia kidogo chini ya mwenzake, na hakuna linalomzuia kujikunja. Nikakata vipande vyembamba, nikavishika kwa ribiti, vile vimisumari vya kuunganishia bati, zilizolegea kidogo na ukanda wa ngozi kwa ndani. Kiwiko kikakunjika. Nilipiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

Suti ya pili ilikuwa debe moja. Kwa kuwa mimi na Chelagat tulikuwa kimo kimoja na mwili mmoja wa njaa, nilikuwa nikijipimia mwenyewe, kwa hiyo haya nitakayosema si ya kusimuliwa. Ukiwa ndani yake unaweza kutembea, kupiga magoti na kupanda nyuma ya lori. Nililala chali sakafuni nikaamka peke yangu, tena nikiwa na umri wa kuwa babu. Nilikimbia hadi kibanda cha chai nikaagiza mandazi, na makanga mmoja wa matatu akaniuliza, "Boss, gari imekumeza?" Tuliitundika dirii kwenye nguzo, kijana mwenye nguvu kuliko wote akaipiga kwa panga. Alama ya mkwaruzo tu, na panga likapata pengo. Rungu la askari wa geti likaruka. Shoka likabonyeza kidogo. Sururu, kwa ile ncha yake, ilitoboa, na nisiwadanganye kwamba haikutoboa. Hakuna kitu cha mkono wa mtu kisichokuwa na mshindi wake.

Kuna na mengine ambayo sinema hazisemi. Kwapani hapafunikiki, kwa sababu ukipafunika mkono haupandi. Nyuma ya goti vivyo hivyo. Ukishusha kifuniko cha uso unaona dunia kama unayechungulia chini ya mlango, na unachosikia zaidi ni pumzi yako. Jua la saa saba la Nakuru likikupata humo, jasho linajaa kwenye viatu. Na ukihisi haja ndogo, anza kufungua kamba ukiwa bado hujaihisi sana. Lakini kazi yake inaifanya. Waliobuni vazi hili hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa mafundi kama sisi, na mara nyingi nikiwa nagonga nilitamani kumpata mmoja wao nimpe mkono.

Sasa nafika pale nisipopenda kufika.

Siku moja kabla ya jaribio la mwisho, nikiwa nasahihisha ukingo wa dirii upande wa kushoto, karibu na bega, nilipasha moto wa gesi kupita kiasi. Bati likazama, likafanya kibonde kama cha kiganja. Kulirudisha kungenichukua siku mbili. Ningeweza kumpigia Chelagat simu nikamwambia ngoja. Badala yake nikatazama huku na huku, kama mwizi, nikachukua puti. Niliijaza, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini, nikapaka rangi ya fedha. Nilipomaliza, hata mimi sikuweza kuona kibonde kilipokuwa. Sikuipeleka kwa Mistri aione, ingawa nilikuwa nimemwahidi. Nilijua angegonga kwa kidole angesikia.

Jaribio lilifanyika asubuhi, kwenye lile shamba njia ya Njoro. Chelagat alipanda, tukamfunga, akanionyesha kidole gumba. Wekesa akashika upande wa pili. Wakatoka mbio. Mkuki wa Wekesa ulimpata Chelagat upande wa kushoto wa kifua, karibu na bega, pale pale walipokuwa wamezoea kulengana, na ulitakiwa uteleze uende zake. Haukuteleza. Puti ilipasuka, kichwa cha mkuki kikaingia kwenye kibonde kikakaa, na nguvu zote za farasi wawili zikamsukuma yule msichana. Nilimwona akiinuka kutoka kwenye tandiko. Aliangukia bega.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa unaopita juu ya kifua kwenda begani. Daktari alisema mbavu na kichwa vilikuwa salama, na kwamba vazi lile ndilo lililomwokoa. Watu wakanishika mkono wakanipongeza. Wekesa, mwanaume mzima mwenye mke na mtoto, alikuwa amekaa chini akilia. "Ni mkono wangu," alikuwa akisema. "Nilishuka chini sana. Ni mkono wangu." Na kila mtu alikubali kwamba ni mkono wake.

Mimi nilikuwa uwanjani nikiokota vipande vya puti kwenye nyasi, nikivitia mfukoni.

Nilinyamaza majuma mawili. Nilikuwa mzee wa kanisa, msimamizi wa karakana, mtu anayetolewa mfano, na niliona aibu. Ukweli ni huo. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikasikia kwamba Wekesa amerudisha tandiko, amesema hatapanda tena, anatafuta kazi ya kulinda geti. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi yalikuwa yangu na aliyekuwa akifa ni mwingine. Nikaichukua dirii, nikaifunga kwenye gunia, nikaenda kwa Mistri.

Alikuwa kwenye baraza lake, kilemba cheupe, mikono inatetemeka kidogo kwa uzee. Aliilaza dirii magotini akaanza kuigonga kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kushuka. Ilikuwa ikilia vizuri. Alipofika ukingoni mwa kile kibonde, palipokuwa pamebaki puti, sauti ikafa.

"Hii nani amefanya?"

"Ni mimi, Mistri."

Akaigeuza dirii, akaipapasa kwa ndani. Nilikuwa na wajukuu, lakini mbele yake nilikuwa tena yule kijana wa pikapu.

"Wewe iko mzee sasa," akasema mwisho. "Mimi hapana weza kuweka hii dirishani. Enda sema kwa hiyo msichana. Leo. Halafu rudi, tafanya ingine, mimi tasikiliza."

Nikapanda gari kupitia Molo hadi Keringet. Chelagat alikuwa nyumbani kwa mama yake, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Mama akaniletea chai, akanishukuru kwa kumwokoa mwanawe, nami nikakiweka kikombe mezani. Nikamwomba akae naye asikilize. Nikatoa vile vipande vya puti nikavipanga mezani, nikaeleza yote.

Chelagat alivitazama. Uso wake ulibadilika, na sitausahau. "Mzee, mimi nilikupea mbavu zangu," akasema. "Nilikupea na hawa watoto wote."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungenipigia simu uniambie ngoja siku mbili."

Mama yake aliinuka akatoka nje. Nikashika kofia yangu niondoke, ndipo Chelagat aliposema, bila kunitazama, "Utatengeneza ingine?"

"Ukiniruhusu."

"Usipake rangi. Hata kidogo. Nataka kuona kila mahali nyundo imegonga."

Namshukuru yule binti kuliko ninavyoweza kuandika. Alikuwa na haki ya kunifukuza, akanipa kazi. Nikamuuliza tu kama ataniruhusu nimwambie Wekesa. Akasema nikamwambie haraka.

Nilimwambia Wekesa nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akanishika bega. "Asante, mzee. Lakini najua unanibebea lawama. Ninyi wazee mna huruma." Nikamwapia. Nikamwonyesha puti. "Puti inapasuka ikigongwa vibaya," akasema. "Niligonga vibaya. Mkono wangu naujua mimi." Nilirudi mara tatu, na kila nikirudi alizidi kuamini kwamba mimi ni mtu mwema. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama wema ule niliopewa bila kustahili.

Basi nikagonga. Niligonga dirii ile polepole kuliko kazi yoyote maishani mwangu. Mistri aliletwa karakana kwa gari mara moja kila juma, akawekewa kiti, akafumba macho, na mimi nikampitishia dirii aigonge kwa kidole. Mara mbili alisema, "Hapana," na mara mbili nikaitupa nikakata bati jipya. Mara ya tatu aligonga kutoka juu hadi chini, kushoto hadi kulia, na ililia sauti moja kila mahali. Akafungua macho. Akanirudishia, akaitisha chai. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya kibanda cha Mama Sofi.

Miezi ikapita, mfupa ukaunga. Mwaliko mwingine ukaja, na Chelagat akasema hatagongwa na mtu yeyote isipokuwa Wekesa, kwa kuwa ndiye anayejua farasi wake. Wekesa akaja shambani kwa heshima tu. Akapanda. Akatoka mbio, mkuki mbele, na zilipobaki hatua kumi akavuta hatamu. Akarudi, akajaribu tena, akavuta hatamu tena. Mara ya tatu aliutupa mkuki chini.

"Siwezi, Chela. Nitakuua."

Chelagat alivua chapeo akaishika kwapani. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayeona nyumba yake ikifungwa na yuko nje. Bila Wekesa hakukuwa na mchezo, na bila mchezo hakukuwa na karo.

Nikavua koti langu.

"Nivisheni mimi," nikasema.

Wakafikiri ni mzaha. Nikasisitiza mpaka Chelagat akavua yote, nikachukua koti la Mama Sofi nikaanza kufunga kamba. Chelagat ndiye aliyenifungia dirii. Alipofika kwenye kamba ya mwisho akaninong'oneza, "Mzee, una uhakika?"

"Kama sina uhakika, mbona nilikuwa nakuvisha wewe?"

Tuliweka pipa juu ya matita ya nyasi kavu, mengine tukayatandaza nyuma, nikakaa juu ya pipa kana kwamba ni farasi. Wekesa alikataa. Nikamwambia kwamba alikuwa akiniita mwongo kwa miezi mingi, na katika umri wangu nina haki ya kuthibitisha neno langu. Nikamwambia agonge pale pale, asogee hata kidole nitajua. Kisha nikashusha kifuniko cha uso ili nisimwone akisitasita.

Nilisikia kwato. Nilisikia pumzi yangu. Niliogopa, vijana, nisiwadanganye. Halafu ukaja mshindo, kama mtu amenisukuma kwa viganja vyote viwili, na mkwaruzo mrefu wa mbao juu ya bati ukipita kifuani, ukipita begani, ukienda zake hewani. Niliyumba nyuma. Nikashika pipa kwa magoti. Nikabaki nimekaa.

Wekesa aliruka kutoka kwenye farasi kabla hajasimama, akaja mbio, akainua kifuniko cha uso. "Mzee! Mzee, umeumia?"

"Angalia bati," nikamwambia.

Akaangalia. Mkwaruzo ulianzia upande wa kushoto, karibu na bega, pale pale kibonde kilipokuwa kwenye ile iliyotangulia, ukapanda ukatoka nje. Aliufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Akarudi mwanzo akaufuata tena.

"Nimegonga pale pale," akasema polepole.

"Pale pale."

"Na mkono ni huu huu."

"Ni huu huu."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliona hasira usoni mwake. "Kumbe kweli," akasema. "Kumbe kweli ilikuwa wewe!"

"Ilikuwa mimi, mwanangu."

Akanipiga ngumi ya kifua kwa nguvu zake zote, akaumia vidole, akaviweka mdomoni, akaanza kulia na kucheka pamoja. Chelagat alikuwa tayari ameenda kumshika farasi wake mwenyewe, zamu yake ifuate. Katika kazi hii nimesifiwa na watu wengi, wakubwa kwa wadogo, na namshukuru kila mmoja. Lakini hakuna sifa iliyowahi kuniingia moyoni kwa raha kama lawama ile ya Wekesa.